Rejeta Imehamia Wapi? Maswali na Majibu ya Marudio: Upoozaji wa Magari ya Mashindano

Haya ni kwa mwanafunzi wa ufundi wa magari au uhandisi mitambo ambaye ameshapitia sura ya mfumo wa upoozaji, na sasa anajiandaa kwa karatasi ya muundo wa magari ya mashindano. Maswali hayana uzito sawa. Yanayokosewa sana nimeyapa nafasi kubwa. Mengine yanatosha sentensi mbili.

Swali 1. Eleza kazi ya rejeta. (Alama 2)

Kuhamisha joto kutoka kwenye maji kwenda kwenye hewa. Injini inapozwa na maji. Rejeta inapoza maji. Usichanganye hatua hizi mbili, kwa sababu magari mengi utakayokutana nayo hapa chini yalizaliwa pale mbunifu alipoona kwamba hatua ya pili si lazima ifanyike karibu na ya kwanza.

Swali 2. Kwa nini rejeta ilikaa puani kwa miaka mingi, na kwa nini ikawa kero? (Alama 5)

Puani hewa ni baridi, haijavurugwa na kitu chochote, na presha yake ni kubwa. Kama injini nayo iko mbele, mabomba yanakuwa mafupi na feni inaendeshwa na mkanda. Hakuna la kulaumu hapo.

Kero ilianza injini ilipohamia nyuma ya dereva. Jack Brabham alikuwa bingwa wa dunia mwaka 1959 na 1960 akiwa na Cooper zenye injini mgongoni mwake, lakini rejeta ilibaki mbele. Maji ya moto yakasafiri urefu wa gari kwenda na kurudi, yakipita ubavuni mwa dereva, na hewa iliyokwisha kupashwa moto ikamfikia yeye kabla ya kwenda zake. Pua nayo ililazimika kuwa na mdomo mkubwa wazi. Kwa hiyo gari lilibeba mabomba na maji ya ziada, likasukuma hewa kwa uso butu, na likamwoka dereva miguu.

Swali 3. Nani alihamishia rejeta mbavuni kabla ya Lotus 72? (Alama 2)

Jim Hall wa Texas, kwenye Chaparral 2E ya mwaka 1966 iliyoshindana katika mfululizo wa Can-Am. Rejeta mbili zilikaa pembeni mwa dereva, na nyuma kukawa na bawa refu juu ya nguzo. Phil Hill alishinda nayo Laguna Seca mwaka huohuo. Ukiandika kwamba Lotus ndiyo iliyoanza, alama zimekwenda.

Swali 4. Jadili faida alizopata Colin Chapman kwa kuweka rejeta mbavuni mwa Lotus 72. (Alama 10)

Swali hili hurudi kila mara, na wengi hujibu kwa neno moja: “erodinamiki.” Si kosa, ila ni alama mbili tu kati ya kumi.

Lotus 72 ilianza mbio Jarama, Hispania, mwaka 1970, kazi ya Chapman na Maurice Philippe. Umbo lake ni la kabari, lililotokana na Lotus 56 ya turbini ya Indianapolis mwaka 1968. Anza jibu lako hapo: kabari haiwezekani kama puani kuna rejeta. Kwa kuiondoa, pua ikawa bapa na nyembamba, hewa ikapita juu yake bila kugonga ukuta, na gari likakandamizwa chini badala ya kuzuiwa tu.

Faida ya pili ni uzito. Rejeta mbili zenye maji ndani, zikiwa karibu na nyonga za dereva, zilisogeza uzito nyuma, kwenye magurudumu yanayosukuma. Vilevile vitu vizito vikikaa karibu na kitovu cha gari badala ya nchani, gari huingia kona kwa wepesi na kugeuka bila ubishi. Hoja hii ya kitovu ndiyo inayosahaulika zaidi.

Faida ya tatu ni mabomba mafupi, hivyo maji machache ya kubeba. Ya nne ni dereva mwenyewe: joto linatoka nyuma ya mabega yake, si mbele ya miguu yake.

Taja na gharama. Hewa inayofika mbavuni imekwisha kuvurugwa na magurudumu ya mbele na vyuma vya kuyashikilia. Si safi kama ya puani. Ndiyo maana mdomo wa kila ubavu unahitaji kuchongwa kwa uangalifu kuliko mdomo wa pua. Pamoja na gharama hiyo, Jochen Rindt alishinda na Lotus 72 Zandvoort mwezi Juni 1970 na akawa bingwa wa dunia baada ya kufariki Monza mwezi Septemba. Emerson Fittipaldi akafuata mwaka 1972. Gari liliendelea kukimbia hadi 1975. Baada ya hapo rejeta ya mbavuni ikawa ndiyo kawaida, kiasi kwamba leo ya puani ndiyo ingeshangaza.

Swali 5. Maji ya injini yanabeba kilowati 200 za joto. Hewa inaingia kwenye rejeta ikiwa nyuzi 30 na kutoka ikiwa nyuzi 70. Gari linakwenda kilomita 180 kwa saa. Tafuta (a) kilo za hewa zinazohitajika kwa sekunde, na (b) eneo la mdomo wa kuingizia hewa. Joto mahususi la hewa ni 1.005 kJ kwa kilo kwa nyuzi moja, densiti 1.15 kg/m³. (Alama 8)

(a) Joto kwa sekunde ni kilo za hewa kwa sekunde, mara joto mahususi, mara ongezeko la nyuzi. Kwa hiyo 200 ÷ (1.005 × 40) = kilo 4.98, karibu kilo 5 za hewa kila sekunde.

(b) Ujazo wake: 4.98 ÷ 1.15 = mita za ujazo 4.33 kwa sekunde. Kilomita 180 kwa saa ni mita 50 kwa sekunde. Eneo: 4.33 ÷ 50 = mita za mraba 0.087. Ukigawa mbavu mbili, kila upande unapata kama sentimita za mraba 430, yaani tundu la mraba lenye upande wa sentimita 21 hivi.

Wengi wakifika hapa hudhani wamekosea, kwa sababu jibu ni dogo mno kuliko rejeta waliyoizoea gereji. Hujakosea. Nenda swali la 6.

Swali 6. Kwa nini mdomo wa hewa ni mdogo kuliko rejeta yenyewe? (Alama 8)

Kwa sababu rejeta haitaki hewa ya kasi. Inataka hewa ya kutosha, iende polepole, yenye presha.

Chukua rejeta yenye uso wa mita za mraba 0.4. Hewa ileile ya mita za ujazo 4.33 ikipita humo, kasi yake inashuka kutoka mita 50 hadi karibu 11 kwa sekunde. Presha inayopotea hewa ikipenya kati ya mapezi hupanda takriban kwa mraba wa kasi. Ukipunguza kasi mara 4.6, hasara inapungua mara 21. Wakati huohuo kasi inayopungua inageuka kuwa presha, na presha hiyo ndiyo inayoisukuma hewa ipite. Kwa hiyo mfereji mzuri huanza na mdomo mdogo, hupanuka taratibu hadi usoni mwa rejeta, kisha hujibana tena nyuma yake ili hewa itoke kwa kasi inayokaribiana na ile ya nje.

Neno “taratibu” lina uzito. Kuta zikipanuka ghafla, hewa inaziacha, inazunguka pembeni, na rejeta inapata hewa katikati tu huku kingo zake zikikaa bure. Mbavuni nafasi ya kupanuka ni fupi, na ndiyo sababu wabunifu huilaza rejeta mshazari: uso mkubwa unaingia kwenye uwazi mdogo.

Kisha kuna tundu la kutokea. Mwanafunzi atachora mdomo vizuri, atachora rejeta, halafu mshale wa hewa unaishia hewani. Rejeta ni kama chumba chenye madirisha mawili: ukifunga la nyuma, upepo wa mbele haukusaidii. Hewa husogea kwa tofauti ya presha, kwa hiyo tundu la kutokea liwekwe mahali penye presha ndogo, mfano juu ya ubavu panapojipinda au nyuma ya gari karibu na gurudumu. Ukipewa gari geni kwenye mtihani na kuulizwa kama upoozaji wake utafaa, tafuta kwanza hewa inatokea wapi. Inapoingia kila mtu anapaona.

Swali 7. Brabham BT46 ilibuniwa na paneli bapa za kupoozea juu ya mwili wa gari badala ya rejeta. Onyesha kwa hesabu kwa nini zilishindwa. (Alama 10)

Gordon Murray, mbunifu wa Brabham, alitaka kuifuta kabisa rejeta inayokinza hewa. Akaweka paneli bapa mwilini mwa gari, maji na oili vikipita chini ya ngozi yake na hewa ya nje ikiteleza juu. Hakuna mdomo, hakuna mfereji. Kwenye karatasi ni jambo la kupendeza sana. Kwenye majaribio injini ya Alfa Romeo ya silinda 12 ilichemka, na gari lilipoanza mbio Kyalami, Afrika Kusini, mwaka 1978, lilikuwa na rejeta za kawaida puani.

Hesabu ni hii. Hewa ikiteleza juu ya bapa lenye urefu wa mita moja kwa kasi ya mita 50 kwa sekunde, kila mita ya mraba huchukua takriban wati 125 kwa kila nyuzi moja ya tofauti kati ya bapa na hewa. Maji yakiwa nyuzi 95 na hewa 30, tofauti ni 65. Wati 125 × 65 ni kama kilowati 8 kwa mita ya mraba. Ili kutupa kilowati 200 unahitaji mita za mraba 25. Gari la Formula One halina ngozi ya kiasi hicho hata ukihesabu na kofia ya dereva.

Kumbe rejeta ya kawaida yenye uso wa mita za mraba 0.4 inafanikiwaje? Ndani yake kuna mapezi yaliyokunjwakunjwa, na ukiyakunjua unapata mita za mraba nyingi. Isitoshe, kila pezi ni fupi, hivyo tabaka la hewa ya moto inayoganda juu ya chuma halipati muda wa kunenepa. Kwenye bapa refu tabaka hilo linanenepa kadiri hewa inavyokwenda nyuma, na chuma kinafunikwa na hewa iliyokwisha kupata joto.

Swali 8. Kama ni hivyo, kwa nini upoozaji wa ngozi ulifaulu kwenye ndege ya Supermarine S.6B? (Alama 4)

Kasi na eneo. Mwaka 1931 S.6B ya R. J. Mitchell ilitwaa kombe la Schneider kwa wastani wa kilomita 547 kwa saa, yaani mita 152 kwa sekunde, mara tatu ya kasi ya hesabu yetu. Uwezo wa hewa kuchukua joto hupanda pamoja na kasi, kwa kipeo cha 0.8, kwa hiyo mara 2.4. Halafu ndege ina mabawa, juu na chini, na Mitchell alitumia hata maboya ya kutulia majini. Hata hivyo ndege hiyo ilikuwa karibu yote ni rejeta, na rubani alilazimika kuangalia joto muda wote. Ukiitaja, sema pia kwamba njia hii haikuendelea kwenye ndege za kivita: risasi moja kwenye bawa na maji yamekwisha.

Swali 9. “Feni ya Brabham BT46B ilikuwa ya kupoozea injini.” Jadili. (Alama 8)

Swali la mtego, na mimi nalipenda. Jibu sahihi ni ndiyo na siyo.

Ndiyo, kwa sababu rejeta ililazwa bapa juu ya injini, na feni kubwa nyuma ya gari ilivuta hewa kupitia humo. Sheria ilikataza vifaa vya erodinamiki vinavyotembea. Lakini kama kazi kuu ya feni ni kupooza, si kifaa cha erodinamiki. Kilichoiweka rejeta pale juu, basi, ni kitabu cha sheria zaidi ya joto.

Siyo, kwa sababu feni hiyohiyo ilinyonya hewa kutoka chini ya gari lililozibwa kingo, na gari likagandamia barabara. Lotus 79 ilikuwa ikipata mgandamizo wake kwa mifereji iliyochongwa chini ya mbavu. Brabham haikuweza kuiga, kwa kuwa injini yake ya Alfa Romeo ilikuwa bapa na pana, ikaziba mahali ambapo mifereji ingepita. Feni ilikuwa njia ya kuzunguka kizuizi hicho.

Tarehe 17 Juni 1978, Anderstorp, Uswidi, Niki Lauda alishinda kwa zaidi ya sekunde 30. Wapinzani wakapaza sauti, Bernie Ecclestone, mmiliki wa Brabham, akaiondoa, na BT46B haikuonekana tena kwenye Grand Prix. Ushindi haukufutwa. Maoni yangu, ambayo huna haja ya kuyaandika: Murray alishindwa na paneli mwanzoni mwa msimu, akarudi miezi michache baadaye na rejeta ileile iliyomsumbua, safari hii akiitumia kama kisingizio cha kisheria. Sijui mbunifu mwingine aliyelipiza vizuri hivyo.

Swali 10. Kweli au si kweli: rejeta inaweza kusukuma chombo mbele. (Alama 3)

Kweli, kwa masharti. F. W. Meredith wa Farnborough alionyesha katikati ya miaka ya 1930 kwamba hewa ikibanwa, ikapashwa moto na rejeta, kisha ikatolewa kwa kasi nyuma, inarudisha sehemu ya nguvu iliyopotea. Rejeta ya tumboni mwa ndege ya P-51 Mustang ni mfano maarufu. Lakini kwenye kilomita 600 kwa saa sehemu ya joto inayoweza kugeuka kuwa kazi ni karibu asilimia 5. Kwenye kilomita 180 haifiki hata nusu asilimia. Kati ya kilowati zetu 200, hiyo ni chini ya kilowati moja. Usiandike kwamba gari la mashindano linasukumwa na rejeta yake.

Swali 11. Toa mifano miwili ya rejeta za nyuma, na sababu ya kila moja. (Alama 6)

Audi Sport Quattro S1 E2 ya mwaka 1985. Injini yake ya silinda tano ilining’inia mbele ya ekseli ya mbele, gari likawa zito puani na gumu kukata kona. Audi wakapeleka rejeta nyuma, pamoja na feni zake, ili kusawazisha. Walter Röhrl alishinda nayo Sanremo mwaka huo.

Mfano wa pili ni magari ya jangwani ya Baja California, yale yanayofanana na pikapu. Rejeta inakaa nyuma ya kabini, juu, ikiwa na feni za umeme. Pale mawe hayaifikii, gari likigonga kitu kwa pua mbio haziishi, na uzito unaegemea magurudumu ya nyuma. Anayefuatilia Safari Rally na kuliona vumbi la Naivasha likimeza gari zima ataelewa kwa nini mtu anataka rejeta yake iwe mbali na pua. Ila nyuma ya kabini hewa ni ya kuvutwa tu, si ya kusukumwa na mwendo. Feni zikizimika, gari limesimama.

Swali 12. Je, gari la mashindano linaweza kukimbia bila rejeta kabisa? (Alama 6)

Linaweza, kama mbio ni fupi. Railton ya John Cobb, iliyoweka rekodi ya kasi ya ardhini ya kilomita 634 kwa saa huko Bonneville mwaka 1947, ilipozwa na tangi la barafu na maji. Kilo 100 za barafu hunyonya megajuli 33 kwa kuyeyuka tu, na maji yake yakipanda hadi nyuzi 90 yanachukua nyingine 38 hivi. Jumla ni 71. Kama injini inatupa kilowati 500 za joto, una dakika mbili na sekunde 20 au zaidi kidogo. Kwa rekodi inatosha.

Magari ya drag ya Top Fuel hayana maji ya kupoozea hata kidogo. Mbio huisha kabla chuma hakijapata moto wa kutosha kuharibika, na mafuta mengi yanayomwagwa ndani ya silinda husaidia kupooza.

Kuhusu kupooza injini kwa hewa tupu: Porsche 917 ilifaulu kwa feni kubwa iliyolala juu ya injini. Honda RA302 haikufaulu. John Surtees alikataa kuiendesha, na Jo Schlesser alifariki ndani yake huko Rouen mwezi Julai 1968.

Swali 13. Kwa nini mfumo wenye presha kubwa unaruhusu rejeta ndogo? (Alama 4)

Kwa presha kamili ya bar 2, maji huchemka kwenye nyuzi 120. Hewa ikiwa 30, tofauti ni 90 badala ya 60 ambayo ungepata na maji ya nyuzi 90. Joto linalohama huenda sambamba na tofauti hiyo, kwa hiyo theluthi mbili za rejeta zinatosha. Ndiyo njia mojawapo iliyowezesha mbavu za magari ya leo kukonda. Mercedes W13 ya mwaka 2022 ilikaribia kuzifuta. Umbo hilo liliachwa Monaco mwaka 2023 kwenye W14. Usidai kwamba upoozaji ndio ulioiangusha W13. Ugonjwa wake uliojulikana zaidi ulikuwa kurukaruka kwenye mwendo mkali.

Swali 14. Kwa nini timu hupanua matundu ya hewa Mexico City? (Alama 2)

Mji uko zaidi ya mita 2,200 juu ya bahari. Densiti ya hewa ni pungufu kwa karibu moja ya tano. Rudi swali la 5, punguza densiti, utaona mdomo unavyokua.

Swali 15 (la vitendo). Gari lenye rejeta nyuma linachemka. Utaanzia wapi? (Alama 6)

Uliza kwanza linachemka lini. Likichemka likiwa limesimama au kwenye mwendo mdogo tu, angalia feni, rilei zake na mwelekeo zinakozungukia. Feni iliyounganishwa kinyume hupambana na hewa badala ya kuivuta. Likichemka kwenye mwendo mkali tu, huenda feni hazina kosa: kagua tundu la kutokea hewa na vizibo kati ya mfereji na kingo za rejeta, maana hewa ikipata upenyo pembeni haitahangaika kupita kwenye mapezi. Likichemka wakati wote, na hasa baada ya kubadilishwa maji, shuku hewa iliyonaswa. Mabomba marefu yanayopanda na kushuka chini ya gari hutega mapovu mahali pa juu, na sehemu hiyo mara nyingi si rejeta wala injini bali ni kona ya bomba. Inua upande wenye skrubu ya kutolea hewa, washa injini kifuniko kikiwa wazi, na uifungue skrubu hiyo hadi maji yatoke bila povu.